Kinga Iliyoachwa Kuwa ya Hiari

"Ajali haina kinga" ni maneno ya kufariji. Tunayasema msibani ili mfiwa asijitafune kwa maswali: laiti asingesafiri siku ile, laiti angechelewa kidogo. Hapo maneno hayo yana kazi njema. Yakihamishwa kutoka msibani yakaingizwa karakanani, ofisini kwa mdhibiti au katika chumba cha marubani, yanageuka kisingizio. Kisa hiki ni cha ndege iliyoanguka ikaua watu 28, ilhali kinga ya ajali hiyo ilikuwa imeshabuniwa, inapatikana, na nchi moja kubwa ilikuwa imeiamuru miaka 11 kabla.

Alhamisi, tarehe 13 Oktoba 2011, ndege ya kampuni ya Airlines PNG aina ya Dash 8 iliruka kutoka Nadzab, uwanja wa mji wa Lae nchini Papua New Guinea, kuelekea Madang, mji ulio pwani ya kaskazini. Ndani walikuwamo abiria 29, marubani wawili na mhudumu mmoja. Wengi wa abiria hao walikuwa wazazi, wanakwenda kwenye mahafali ya watoto wao katika Chuo Kikuu cha Divine Word. Nchi ile ina milima mirefu na misitu minene, na kwa safari nyingi watu hutegemea ndege ndogo za panga boi kuliko barabara.

Jina la Dash 8 si geni kwetu. Air Tanzania na Jambojet ya Kenya hurusha toleo la karibuni zaidi, Dash 8-400. Iliyokuwa ikienda Madang ilikuwa ya kizazi cha kwanza, mfululizo wa 100, ndege ngumu iliyozoea viwanja vifupi. Siku hiyo mfumo wa kujiendesha haukuweza kutumika kwa sababu ya hitilafu katika kifaa kinachoambatana nao, hivyo kapteni aliiongoza ndege kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho.

Walipokaribia Madang walikuta hali mbaya ya hewa mbele yao. Ili kuyakwepa mawingu, kapteni aliteremka kwa mteremko mkali kuliko kawaida. Sasa, ndege inayoshuka huongeza mwendo hata injini zikiwa zimetulia, maana uzito wake wenyewe unaivuta chini. Akili za marubani zilikuwa kwenye mvua na mawingu. Mwendo ukapanda pasipo wao kuutilia maanani, mpaka king'ora kikalia kuwaambia kwamba ukomo wa mwendo wa ndege umefikiwa.

Kapteni akavuta nyuma vishikio viwili vya nguvu za injini. Kwa kutazama juujuu, hilo ni tendo la busara: mwendo umezidi, punguza nguvu. Lakini vishikio havikukoma mahali pa kukoma. Vilivuka kizingiti cha angani vikaingia katika sehemu iliyotengwa kwa matumizi ya ardhini peke yake. Mapanga boi yote mawili yakafyatuka kwa pamoja, yakazunguka kwa kasi iliyopita kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa zaidi ya asilimia 60. Injini ya kushoto iliharibika vibaya, ya kulia haikutoa nguvu tena, na moshi ukaingia ndani. Ndege yenye injini mbili nzima ikawa haina hata moja, juu ya msitu.

Ilishuka kwa dharura katika eneo la miti michache, kilomita zaidi ya 30 kusini-mashariki mwa Madang, ikavunjika na kuwaka moto. Walionusurika ni marubani wote wawili, mhudumu na abiria mmoja. Abiria wengine 28 walifariki. Hakuna ajali ya ndege za kiraia iliyoua watu wengi kiasi hicho katika historia ya nchi hiyo.

Ili kuelewa kwa nini sentimita chache za kishikio zinaweza kuangamiza injini mbili, lazima tujue panga boi linavyofanya kazi. Mabapa ya panga boi la ndege hizi hayakukazwa mahali pamoja. Kila bapa linaweza kujigeuza kwenye shina lake, likaikabili hewa kwa pembe kubwa au kwa pembe ndogo. Pembe ikiwa kubwa, bapa linakata hewa nyingi na kuwa zito kuzungushwa. Pembe ikiwa ndogo, linakuwa jepesi. Kifaa kiitwacho gavana huichagua pembe hiyo chenyewe, kila nukta. Rubani akiongeza nguvu, gavana huzidisha pembe ili panga boi lisiende mbio. Akipunguza, gavana hupunguza pembe ili lisizubae. Kwa hiyo mzunguko hubaki palepale na rubani hupata nafasi ya kushughulikia mambo mengine. Huu ni udhibiti wa kujiendesha wa kale kabisa katika ndege za panga boi, na umeokoa injini zisizohesabika.

Udhibiti huo una sakafu. Angani, pembe ya mabapa haitakiwi kushuka chini ya kiwango fulani. Chini ya sakafu hiyo gavana hana amri tena; kishikio kilichomo mkononi mwa rubani ndicho kinachoiamuru pembe moja kwa moja. Ardhini jambo hilo lina faida kubwa. Ndege ikishagusa njia, rubani huyalaza mabapa, nayo yanakuwa ukuta wa kuzuia hewa na kusaidia breki za magurudumu. Akivuta zaidi, ndege inaweza hata kurudi nyuma. Angani, tena katika mwendo mkali, ni msiba. Mabapa yakilazwa, upepo unaokuja mbele huyasukuma, na badala ya injini kulizungusha panga boi, panga boi ndilo linaloizungusha injini. Hakuna chuma kilichotengenezwa kuhimili mchezo huo.

Wabunifu walilijua hilo, ndiyo maana waliweka kizingiti. Katika Dash 8, rubani hawezi kuvuta vishikio chini ya sakafu ya angani mpaka anyanyue kwa vidole vifyatuo vidogo vilivyo chini ya vishikio hivyo. Wakadhani kwamba hatua hiyo ya ziada inatosha, kwa kuwa hakuna rubani mwenye akili timamu atakayevinyanyua akiwa angani.

Hapo ndipo dhana ilipokosea. Rubani wa safari fupi hutua mara nyingi kwa siku, na kila anapotua hunyanyua vifyatuo vilevile na kuvuta vishikio vilevile kwa vidole vilevile. Tendo lililorudiwa maelfu ya mara halisubiri tena ruhusa ya akili. King'ora kikilia ghafla, mtu ameshtuka na wakati haupo, mkono hufanya ulichozoea kufanya. Iwe vidole vya kapteni yule vilikwenda kwa mazoea, au kwa taharuki, au kwa kutaka ndege ipungue mwendo haraka, matokeo yangekuwa yaleyale. Kizingiti kinachotegemea kwamba binadamu hatakivuka ni onyo tu; hakijawa kizuizi.

Kuna kosa la kufikiri lililotangulia kosa la mkono, nalo linawahusu wengi wasiorusha ndege. Nguvu za injini hazikuwa chanzo cha mwendo ule. Chanzo kilikuwa mteremko. Ndege inayochapuka kwa sababu imeinamisha pua huponywa kwa kuinua pua. Vishikio vikifika kwenye sakafu ya angani, injini zimeshatoa mchango wake wote wa kupunguza mwendo. Hakuna zaidi cha kudai kwazo. Aliyetaka zaidi kutoka kwenye injini alikuwa anatafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa. Wangeutazama mwendo mapema, mteremko ungelegezwa kidogo na king'ora kisingelia.

Mtu atauliza: kwa nini mashine isifanye yenyewe? Jeti kubwa za abiria kwa miaka mingi zimekuwa na mfumo unaosogeza vishikio vya nguvu wenyewe ili kushika mwendo uliopangwa. Ndege za panga boi za safari fupi, Dash 8 na ATR zikiwemo, zimeruka miongo mingi zikitegemea mkono wa rubani. Ni miaka ya karibuni tu mfumo huo umeanza kuingia katika ndege ndogo za aina hii: TBM 940 ya Ufaransa ilikuja nao mwaka 2019, na King Air 360 ya Marekani mwaka 2020. Mfumo kama huo ukiona mwendo unakaribia ukomo, hupunguza nguvu mapema, kabla ya king'ora. La maana zaidi kwa kisa chetu ni kwamba hupunguza hadi kwenye sakafu na kukomea hapo. Haupatwi na taharuki, wala vidole vyake havina mazoea ya kutua.

Lakini tusiipe mashine sifa kuliko inazostahili. Ndege ikiwa imeinamisha pua kupita kiasi, mfumo huo utafikisha nguvu kwenye sakafu na mwendo utaendelea kupanda, kwa sababu mteremko hauko chini ya mamlaka yake. Ni lazima awepo mtu, au mfumo mwingine, wa kuinua pua. Kinga iliyohitajika Madang ilikuwa ndogo na rahisi kuliko hiyo: kufuli la kujiendesha linalotambua kwamba ndege iko angani, likazuia amri ya kishikio isiyafikishe mabapa chini ya sakafu, hata rubani akinyanyua vifyatuo na kuvuta kwa nguvu zake zote.

Kufuli hilo lilikuwepo. Tufuate historia yake hatua kwa hatua, maana humo ndimo funzo lilimolala.

Februari 1994, ndege aina ya Saab 340 ikishuka katika jimbo la Louisiana, Marekani, ilipoteza injini zote mbili baada ya vishikio kuvutwa chini ya sakafu ya angani. Ilitua kwa dharura kwenye kiwanja kidogo, na wote waliokuwamo walitoka hai. Huo ulikuwa ujumbe wa bure: tatizo limejitokeza na hakuna aliyezikwa. Wamarekani waliupokea. Mwaka 2000 mamlaka yao ya usafiri wa anga iliamuru Dash 8 za mfululizo wa 100, 200 na 300 zilizosajiliwa nchini mwao ziwekewe mfumo wa kuzuia vishikio kutumika chini ya sakafu zikiwa angani. Mtengenezaji, ambaye yuko Kanada, akawa na kufuli la kuwapa.

Nje ya Marekani amri hiyo haikuwa na nguvu. Nchi nyingine ziliacha kufuli liwe la hiari: anayetaka anunue, asiyetaka aendelee kutegemea kizingiti na maneno ya onyo katika kitabu cha mwongozo. Ndege ileile, iliyotoka kiwandani kulekule, ikawa na kinga au ikakosa kinga kwa kutegemea bendera iliyochorwa mkiani. Sheria za maumbile zinazolisukuma panga boi hazikuuliza bendera.

Ujumbe uliofuata haukuwa wa bure. Tarehe 6 Novemba 2002, ndege ya Luxair aina ya Fokker 50 kutoka Berlin ilianguka katika ukungu ikikaribia uwanja wa Luxembourg. Kati ya watu 22, walifariki 20. Tarehe 10 Februari 2004, Fokker 50 nyingine, ya Kish Air ya Iran, ilianguka ikikaribia kutua Sharjah, katika Falme za Kiarabu. Kati ya watu 46, walifariki 43. Sharjah ndege ilikuwa inakaribia kutua kwa mwendo uliozidi. Luxembourg ilikuwa juu ya njia yake ya kushukia. Katika visa vyote viwili marubani walivuta vishikio vikaingia sehemu ya ardhini huku ndege ingali angani. Haja ilikuwa ileile ya kutaka kupungua upesi, na mkono ulitafuta breki palepale pasipofaa.

Tofauti na Dash 8 ya Madang, Fokker 50 ilikuwa na kufuli la kujiendesha. Ila kufuli hilo lilikuwa na ufa. Magurudumu yalipoteremshwa, kifaa cha kudhibiti breki kiliamka, na katika kuamka kwake kikatoa kwa sekunde chache ishara iliyolifanya kufuli lifunguke. Sekunde hizo zilitosha. Ufa huo ulijulikana tangu miaka ya 1990 na marekebisho yake yalikuwepo, nayo yaliachwa kuwa ya hiari.

Kwa hiyo ilipofika Oktoba 2011 dunia ya urubani ilikuwa imeshaambiwa mara tatu, mara ya kwanza bila kifo na mara mbili kwa makaburi 63. Hata hivyo ndege iliyowabeba wazazi wale haikuwa na kufuli. Waliosema siku ile kwamba ajali haina kinga hawakuwa wamepewa habari kamili. Baada ya Madang, Kanada iliamuru kufuli liwekwe katika Dash 8 zote za mifululizo hiyo, popote zirukapo. Kilichokuwa cha hiari kwa miaka 11 kikawa lazima. Kifaa kilikuwa kilekile cha zamani, bila elimu mpya ndani yake. Kilichoongezeka katikati ni misiba.

Ripoti ya uchunguzi ya Papua New Guinea, iliyotoka mwaka 2014, ilionyesha jambo jingine ambalo halifai kupitwa. Baada ya injini kuharibika, marubani hawakufuata orodha za hatua za dharura, na ndege iligusa ardhi bila mabawa ya kupunguzia mwendo kufunguliwa na bila magurudumu kuteremshwa. Vyote viwili vingeweza kuifanya iguse ardhi kwa mwendo mdogo zaidi. Kosa la kwanza lilikuwa limeshaziua injini. Watu walikuwa bado hai. Orodha ya dharura imeandikwa kwa ajili ya nafasi hiyo hasa, wakati akili imejaa kelele na haiwezi kukumbuka. Ukishakosea, usiache utaratibu kwa kudhani kwamba umekwisha haribikiwa. Utaratibu uliobaki ndio unaoamua ni wangapi watarudi nyumbani.

Abiria wa basi la mikoani anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya marubani. Hata barabarani injini huwekewa gavana ya kubana mwendo. Kenya iliifanya lazima kwa matatu na mabasi mwaka 2004, wakati wa waziri John Michuki, kwa ukomo wa kilomita 80 kwa saa. Kila anayesafiri anafahamu yaliyofuata: kifaa kipo siku ya ukaguzi na hakifanyi kazi siku ya safari, kwa sababu mwenye gari anakihesabu kuwa adui wa mapato na dereva anakihesabu kuwa tusi kwa ujuzi wake. Gavana iliyofungwa kwa waya ili isifanye kazi haina tofauti na kufuli ambalo halikununuliwa. Na hata gavana nzima haimsaidii dereva anayeliachia gari kwenye mteremko, kwa kuwa huko uzito ndio unaosukuma. Akizoea kudhani kwamba kifaa kinamlinda kila mahali, kifaa chenyewe kimekuwa mtego.

Ipo hoja ya gharama, na haifai kudharauliwa. Kampuni ndogo katika nchi maskini ina ndege chache, faida nyembamba na orodha ndefu ya matengenezo ya lazima. Ikiletewa kifaa kisicho cha lazima, itakiweka mwisho wa orodha, na mwenye hesabu ataonekana mwerevu mwaka hadi mwaka, kwa sababu ajali ambayo kifaa hicho kinaizuia haitokei kila mwaka. Ndiyo maana uamuzi huo haupaswi kuachiwa mwenye hesabu. Kazi ya mdhibiti ni kuondoa uokoaji wa maisha kwenye orodha ya mambo ya kuchagua. Nchi inayotengeneza ndege ina wajibu wa kuwapa wateja wa mbali kinga ileile wanayoipata wateja matajiri, na nchi inayonunua ina wajibu wa kuuliza: huko kwenu jambo hili ni lazima? Kama ni lazima kwenu, kwa nini kwetu ni hiari?

Wala tusiwabebeshe marubani mzigo wote. Kapteni alivuta vishikio mahali pasipostahili, hilo halina ubishi. Lakini mfumo uliojua tangu 1994 kwamba marubani stadi wanaweza kuvivuta, kisha ukamwachia rubani mwingine nafasi ya kuvivuta, umeshiriki kosa lake. Ukimwadhibu mtu na kukiacha kizingiti kilivyo, umempangia kosa hilohilo atakayekuja baada yake.

Ndugu msomaji, kama wewe ni rubani au dereva, uangalie mwendo kabla haujakuonya, na ujue kinachokusukuma kabla hujachagua cha kukuzuia. Kama wewe ni mwenye chombo, usiichezee gavana, na usingoje sheria ikulazimishe kununua kinga unayoijua. Kama wewe ni mdhibiti, pitia leo orodha ya vifaa vya usalama vilivyoandikwa kuwa ni vya hiari, na kwa kila kimoja uulize kimeshaua wangapi kwa kukosekana. Ajali nyingi zina kinga, na kinga hizo hazina budi kuwa za lazima kabla ya mazishi.